Kabla ya Kisu: Upasuaji wa Mapafu Huanzia Ujiji, Si Dar

Wanachuo wenzangu wa vitivo vingine, mkisikia "upasuaji wa mapafu" najua picha inayowajia: taa kubwa, madaktari waliofunika nyuso, msumeno wa kukata mifupa. Msumeno mwuondoe kwanza, huo zaidi ni wa upasuaji wa moyo. Pafu kwa kawaida hufikiwa kwa kupita ubavuni, katikati ya mbavu mbili. Lakini kwa sisi tuliotoka Kigoma, mwisho wa reli, picha hiyo ina kasoro kubwa zaidi: inaanza hadithi mwishoni. Mgonjwa anayelazwa kwenye meza ya upasuaji Dar es Salaam au Mwanza, mara nyingi safari yake ilishaamuliwa wiki kadhaa nyuma, Ujiji, Gungu au Mwandiga, siku mtu aliposema, "Aah, kikohozi tu hicho, kitapita."

Hoja yangu ni hii. Operesheni kubwa ya kifua, mara nyingi, ni deni la siku zilizopotea. Tundu dogo lililotobolewa siku ya nane linaweza kuondoa haja ya kufungua kifua kizima mwezi wa pili. Na kinyume chake ni kweli vilevile: kukimbilia kisu kabla ya wakati wake kuliwahi kuua watu wengi. Nitaeleza yote mawili, kwa sababu wengi wetu ndio tunaopigiwa simu na nyumbani kuulizwa, "Wewe msomi, unasemaje, tukubali au tukatae?"

Kwanza, kifua kinafanyaje kazi

Pafu halina msuli wa kujitanua lenyewe. Linatanuka kwa sababu limeshikana na ukuta wa kifua. Kati ya pafu na ukuta huo kuna utando wa tabaka mbili unaoitwa pliura, na ndani yake maji machache tu, vijiko kadhaa vya chai. Chukua vipande viwili vya kioo, vilowanishe, vibandike pamoja. Vitateleza kimoja juu ya kingine bila shida, lakini jaribu kuvibandua uone kazi. Ndivyo pafu lilivyoshikwa. Mbavu zikipanda na kiwambo kikishuka, pafu linavutwa, hewa inaingia.

Sasa weka kitu katikati ya vioo hivyo. Kinaweza kuwa hewa: mvuvi kateleza, kifua kikagonga ukingo wa mtumbwi, ubavu uliovunjika ukatoboa pafu. Inaweza kuwa damu, baada ya ajali ya bodaboda. Yanaweza kuwa maji, ambayo kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu, yaani TB. Au unaweza kuwa usaha, baada ya nimonia. Vitu vinne tofauti, lakini matokeo ni yaleyale: pafu linabanduka kutoka ukutani, linasinyaa, na mtu anahema juu juu.

Na kwa vyote vinne, vikiwa vingi kiasi cha kumsumbua mgonjwa, hatua ya kwanza ya upasuaji ni ileile. Mrija.

Chupa iliyo sakafuni

Ukiingia wodi ya upasuaji utaona mgonjwa ana mpira unaotoka ubavuni hadi kwenye chupa iliyowekwa chini ya kitanda. Ndani ya chupa kuna maji, na ncha ya mpira imezama kidogo ndani ya maji hayo. Watu wengi wanaiona kama ndoo ya taka tu. Kumbe ile chupa ni kazi nzuri ya fizikia.

Mgonjwa akitoa pumzi au akikohoa, hewa na usaha vinasukumwa kwenye mpira. Hewa inatoka kwa mapovu. Akivuta pumzi, kifua kinataka kunyonya hewa kupitia mpira uleule, lakini kinakutana na maji. Maji yanapanda kidogo ndani ya mpira, yanashuka, hewa ya nje haipiti. Mlango wa kwenda upande mmoja. Daktari Bülau wa Hamburg, Ujerumani, alianza kuitumia njia hii karne ya 19, na mpaka leo kanuni ni ileile. Mvuvi wa Kibirizi anayenyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye dumu anaijua nusu ya somo hili bila kufundishwa: kimiminika hukimbilia chini. Ndiyo maana chupa lazima ikae chini ya kiwango cha kifua. Ndugu anayemsaidia mgonjwa kwenda msalani akaibeba chupa begani, anayarudisha maji machafu kifuani. Na mpira unaotoa mapovu usibanwe ovyo. Mapovu maana yake hewa inatoka, ukiibana inabaki ndani na kulikandamiza pafu.

Kwa nini hawafungui kifua tu wakausafisha usaha wote siku moja? Swali zuri, na jibu lake lilipatikana kwa gharama. Mwaka 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, kambi za jeshi la Marekani zilijaa vijana wenye nimonia na usaha kifuani. Wapasuaji walikuwa wakifungua kifua mapema na kuacha tundu wazi ili usaha utoke. Takriban askari 30 kati ya 100 walikufa. Tume iliundwa, na ndani yake alikuwemo mpasuaji kijana aliyeitwa Evarts Graham. Waligundua kwamba usaha haukuwa muuaji pekee. Siku za mwanzo, pafu bado halijashikana na ukuta, kwa hiyo ukiacha tundu wazi hewa inaingia na pafu linaporomoka. Wakashauri mrija uliofungwa, usioruhusu hewa kuingia, na tundu kubwa lisubiri mpaka pafu lishikane na ukuta. Vifo vilishuka hadi chini ya mmoja kati ya 20. Ugonjwa ule ule, na askari wale wale. Kilichobadilika ni mpangilio wa hatua.

Usaha una kalenda yake

Mgeni anayetajwa kuliko wote Ujiji, David Livingstone, alifika hapo Machi 1869 akiwa hajiwezi, pafu lake la kulia limeshikwa na nimonia, amebebwa njiani na watu wa msafara wa wafanyabiashara. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa miaka miwili kabla. Alipona, lakini zama zile kupona nimonia kulikuwa bahati. Leo tuna dawa, na zaidi ya dawa tuna kalenda.

Kalenda yenyewe ni hii. Mgonjwa wa nimonia akianza dawa sahihi, homa inatakiwa ianze kupungua ndani ya siku mbili hadi tatu. Isipopungua, au ikishuka halafu ikarudi, swali la kuuliza si "tubadilishe dawa gani?" peke yake. Ni "je, kuna usaha kifuani?" Eksirei au ultrasaundi inajibu.

Usaha huo hupitia hatua tatu. Mwanzoni ni maji mepesi. Mrija unayatoa, pafu linarudi ukutani, mgonjwa anakwenda nyumbani. Baada ya siku kadhaa yanakuwa mazito, yanajenga nyuzinyuzi na vyumba kama masega ya nyuki, na mrija mmoja hautoshi kuvifikia vyote. Ikipita takriban mwezi mmoja na nusu, zile nyuzi zimekomaa kuwa ganda gumu linalolivisha pafu. Sasa hata ukitoa usaha wote, pafu haliwezi kutanuka, limefungwa. Hapo ndipo inapohitajika ile operesheni kubwa: kufungua kifua na kulimenya ganda hilo taratibu, sentimita kwa sentimita, bila kulichana pafu lililo chini yake. Ni kazi ya saa nyingi, inavuja damu, inahitaji damu ya kuongezwa, mtaalamu wa usingizi, na chumba cha wagonjwa mahututi.

Baba yangu mkubwa aliipitia kalenda hiyo yote. Ni mvuvi mstaafu wa Kibirizi. Alianza na nimonia, akanunua vidonge dukani, siku ya nane akafikishwa hospitali. Picha ikaonyesha upande wa kulia umejaa. Daktari akasema mrija. Nilimpigia simu jioni ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hawa wenzako wanataka kunitoboa kama mtumbwi uliooza."

Shangazi akachukua simu, akasema kitu ambacho nimeshakisikia Ujiji, Kasulu hata hapa chuoni: "Mtu akitobolewa kifua akatolewa maji, huyo harudi." Kikao cha ukoo kikaamua atolewe hospitali. Walijaribu mitishamba kwa karibu miezi miwili. Aliporudi alikuwa amekonda, kifua cha kulia hakipandi kabisa, na mrija ulipowekwa ulitoa usaha mzito kama uji wa ulezi, kisha ukaziba. Rufaa, Dar, operesheni ya kumenya ganda. Anaishi, alhamdulillah. Lakini nusu ya shamba la michikichi iliuzwa, na mlima wa kutoka ziwani anaupanda kwa vituo.

Simlaumu shangazi. Alichokiona kwa macho yake ni kweli: watu aliowajua waliotobolewa, walikufa. Wenzetu wa takwimu mtaelewa haraka kosa liko wapi. Kama kila mtu anakubali mrija baada ya kila kitu kingine kushindwa, basi wanaotobolewa watakuwa ndio walio hoi kuliko wote. Mrija unabeba lawama ya ucheleweshaji. Na kadiri unavyoogopwa ndivyo unavyocheleweshwa, na kadiri unavyocheleweshwa ndivyo unavyozidi kuonekana unaua.

Harage lisiloonekana

Njia ya hewa nayo ina habari yake. Kigoma ni mkoa wa maharage, karanga na michikichi. Punje zimetapakaa kila jikoni, na watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu wanatia kila kitu mdomoni huku magego ya kutafunia hayajakamilika.

Koo la hewa hugawanyika mara mbili, na tawi la kulia ni pana, fupi, na limenyooka zaidi kuliko la kushoto. Ndiyo maana vitu vingi vinavyopaliwa huangukia kulia. Mtoto anakohoa kwa nguvu, anabadilika rangi, halafu, na hapa ndipo mtego ulipo, ananyamaza. Anaendelea kucheza. Wazazi wanashukuru Mungu. Kitu kimepita koo, kimetulia kwenye tawi, na mwili umezoea kwa muda. Harage hata hivyo halitulii. Linanyonya unyevu, linavimba, mafuta na vumbi lake vinachubua ukuta. Baada ya siku au wiki kinaanza kikohozi, homa, kifua cha upande mmoja kinakoroma. Na eksirei hailionyeshi harage lenyewe kama inavyoonyesha sarafu. Inaonyesha dalili za pembeni tu, kama pafu moja kujaa hewa kupita kiasi au sehemu yake kusinyaa.

Mtoto wa jirani yetu Buzebazeba alitibiwa nimonia mara tatu katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Dawa ikiisha, wiki mbili, homa inarudi, upande uleule. Hakuna aliyeuliza, na bibi hakuona haja ya kusema, kwamba siku moja mtoto alipaliwa bibi alipokuwa akichambua maharage. Lilipotolewa Mwanza, sehemu ya chini ya pafu la kulia ilikuwa imeshaharibika.

Kutoa kitu hicho hakuhitaji kufungua kifua. Mwaka 1897 kule Freiburg, Gustav Killian alimtoa mkulima mmoja mfupa uliokwama kwenye tawi la kulia kwa kupitisha bomba lililonyooka mdomoni hadi mapafuni. Kizazi cha bomba hilo, sasa likiwa na mwanga na koleo ndefu, ndicho kinachotumika Bugando na Muhimbili. Mtoto analazwa usingizi, na mpasuaji na mtaalamu wa usingizi wanagawana njia moja nyembamba: mmoja anapitisha koleo, mwingine anapitisha hewa. Likifanyika mapema, mara nyingi mtoto anarudi nyumbani baada ya siku chache. Likichelewa miezi, huenda ikabidi kipande cha pafu kilichooza kikatwe.

Nyumbani fanya hivi. Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe. Asiyeweza kutoa sauti wala kupumua, mwinamishe, mpige mgongoni kati ya mabega mara tano kwa kiganja. Isipotoka, mbinye tumbo juu ya kitovu kwenda juu mara tano, na kama hajafika mwaka mmoja bonyeza kifua badala ya tumbo. Rudia. Usiingize kidole usichoona kinagusa nini. Na lile tonge la ugali au kijiko cha mawese tunachopewa mwiba wa mgebuka ukikwama, hapa hakisaidii kitu, kwa sababu chakula kinapita umio na harage liko kwenye njia ya hewa. Unaweza kumpalia mara ya pili.

TB imepona, pango limebaki

Dawa za TB Tanzania hutolewa bure, na kwa wengi miezi sita inatosha kuua vimelea. Lakini dawa hazijazi shimo. Aliyechelewa kuanza tiba anaweza kubaki na pango ndani ya pafu, na ndani ya pango hilo fangasi wakaota hadi kuwa kama mpira. Miaka baadaye, mtu aliyepona anaanza kukohoa damu. Wengi wanarudishwa kwenye dawa za TB bila makohozi kupimwa, kumbe vimelea hawapo.

Damu ikiwa nyingi, hatari ya kwanza si kuishiwa damu, ni kuzama ndani yake. Kama inajulikana pafu lipi ni bovu, mlaze kwa upande huo huo mbovu uwe chini, ili damu isimiminike kwenye pafu zima. Halafu kimbia hospitali.

Kwa baadhi ya wagonjwa hawa tiba ya kudumu ni kukata sehemu iliyooza. Pafu la kulia lina ndewe tatu, la kushoto mbili, na mtu anaweza kuishi bila moja, wakati mwingine hata bila pafu zima la upande mmoja. Yule Graham wa 1918 ndiye aliyefanikiwa, Aprili 1933 huko St. Louis, kutoa pafu zima la mgonjwa wa saratani kwa operesheni moja. Mgonjwa, naye daktari, aliishi hadi 1963. Graham mwenyewe, mvutaji sigara, alifariki 1957 kwa saratani ya mapafu.

Kabla ya kukata, wapasuaji hawaulizi tu "kinachotoka ni kiasi gani?" Wanauliza "kitakachobaki kinatosha?" Mgonjwa anapuliza kwenye kipimo, anapandishwa ngazi, anapimwa makohozi, analishwa mpaka uzito urudi. Siku yenyewe anawekewa mpira wenye njia mbili kooni, ili pafu moja lipumue na lingine lilale wakati linafanyiwa kazi. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa wodini wiki tatu "bila kufanyiwa kitu." Kumbe anafanyiwa operesheni tayari, sehemu yake isiyo na kisu.

Barabara nayo ni sehemu ya tiba

Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mwanza ni karibu zaidi, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikimkuta mgonjwa akiwa na mtungi wa oksijeni unaoisha. Ndege ni haraka, lakini ina sharti moja: aliye na hewa iliyonaswa kifuani asipande kabla ya kuwekewa mrija. Kadiri ndege inavyopanda, hewa ile inavimba, na pafu lililokuwa limesinyaa nusu linaweza kukandamizwa lote angani. Mrija unawekwa huku huku, Maweni au hospitali ya wilaya, ndipo safari ianze.

Kwa hiyo simu ya nyumbani ikilia, kabla hujasema "kubali" au "kataa," uliza haya. Homa ina siku ngapi tangu dawa ianze? Picha ya kifua imepigwa? Kikohozi kinarudi upande uleule, na je, mtoto aliwahi kupaliwa? Makohozi yamepimwa, au wanakisia TB? Na daktari akisema mrija, uliza swali moja tu: leo ni siku ya ngapi? Kama ni siku ya nane, waambie wazee wakubali leo leo, maana kesho mrija huohuo utafanya kazi kidogo kuliko leo.